Satelite ya Nne

Jumatatu, 6 Novemba

Leo nimezaliwa upya. Papa Grégoire, mwenye kinu cha kusaga mihogo na jipi pekee ya otomatike hapa Kalembe, ametangaza mbele ya watu. Jumamosi binti yake Astrid anaolewa ng'ambo ya kilima. Fundi atakayeifanya jipi ipande, bibi harusi akiwa ndani, atapewa funguo za hangari yake, awe na karakana. Hangari ya mabati! Mimi ninayefanya kazi chini ya bashi, turubai la plastiki, mvua ikinyesha naoga pamoja na spana zangu.

Faustin, fundi wa pikipiki aliyejifunza kazi Goma (na hakuachi usahau), alisema kubadilisha mafuta kunatosha. Mawazo madogo. Mimi nimeahidi kuiboresha bwate ya vitesi yenyewe, giaboksi nzima. Papa Grégoire akanipa mimi kazi.

Jumanne, 7 Novemba

Nimeifungua. Uzuri ulioje! Katikati kuna gurudumu la meno, mafundi tunaliita jua. Vigurudumu vitatu vinalizunguka, ndizo satelite. Nje kuna pete ya meno inayozifunga zote. Satelite tatu tu, na mzigo wa kilima chote! Zikiwa nne, kila moja itapumzika kidogo. Sijui kwa nini wazungu hawakuliona hilo.

Nimemtuma kijana Darius na pikipiki yake hadi Hombo. Kuna jipi ya namna hiihii imekufa kule, aniletee satelite moja. Kosa langu ni kwamba nilimwagiza kwa sauti, barabarani.

Jumatano, 8 Novemba

Asubuhi nimekuta watu kumi na wawili wameizunguka jipi, simu juu. Mama Brigitte, jirani yangu, akauliza kwa nini kwake mtandao hakuna na mimi nina satelite tatu. Nikamweleza kwamba ni vyuma tu. Akasema: "Esdras, usitufiche. Na sisi tuko na batoto Goma."

Mmoja akapanda juu ya boneti, akapata mtandao kidogo. Wakashangilia. Walipoanza kuniita Papa Injinia niliacha kueleza. Nikawapanga foleni.

Alhamisi, 9 Novemba

Satelite imefika. Inang'aa. Haiingii. Nimeigeuza, nimeipaka mafuta, nimeiombea. Haiingii.

Faustin akapita, eti kwa bahati. Akachukua chaki, akahesabu meno. Jua thelathini, pete sabini na mbili, jumla mia moja na mbili. Gawanya kwa tatu, thelathini na nne kamili. Gawanya kwa nne, haigawanyiki. Kwa hiyo satelite nne haziwezi kukaa kwa nafasi sawa, meno hayatakutana ng'o. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma. Nikamjibu kwamba gari halikusoma shule.

Akajitolea kunisaidia kurudisha zile tatu. Nikakataa katakata. Alipoondoka nikazirudisha zile tatu.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimefunga kila kitu. Zimebaki sahani mbili nyembamba na springi moja. Kumbe viwandani huweka vitu vya ziada! Uzito umepungua, ufanisi umepanda.

Nikajaribu. Nikitia gia ya kwenda mbele, kimya. Nikitia ya kurudi nyuma, inavuta kama fahali! Imepanda kilima chote kinyumenyume na magunia manne ya maharage, bila kuhema. Nilicheka peke yangu mpaka mbuzi wakanikimbia. Papa Grégoire alitaka jipi ipande. Hakutaja upande gani utangulie.

Jumamosi, 11 Novemba

Tulipanda! Hilo liandikwe kwanza. Astrid kiti cha nyuma na shela yake, kando yake Tate Mukasine, nyanya yake, mimi kwenye usukani, shingo imegeuka kama ya bundi. Pikipiki zote za wageni wa harusi zimekwama kwenye matope, Faustin anasukuma ya kwake, na sisi tunampita matako mbele. Nilimpungia mkono. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Ndipo Tate akaanza kupiga kelele. Kwao, bibi harusi akitoka kwa wazazi hatazami nyuma. Akitazama, ameikataa ndoa. Na Astrid, kwa jinsi nilivyompeleka, alikuwa ameitazama nyumba ya baba yake njia nzima.

"Simamisha! Mutoto anaenda kwa bwana, macho iko kwao? Hii njo ndoa gani?"

Astrid alikuwa anacheka mpaka machozi. Tate akamshusha, wakamalizia kwa miguu, gauni jeupe juu, buti za shamba chini. Ndoa ilifungwa. Papa Grégoire akanijia taratibu. "Esdras, nilikuomba umupeleke mutoto. Sikukuomba umurudishe."

Funguo amepewa Faustin, yule wa kubadilisha mafuta tu.

Jumapili, 12 Novemba

Nimelia kidogo kanisani, wakati wa ngoma, ili nisisikike. Hangari yangu.

Baada ya misa Faustin akanifuata. Akasema zile sahani mbili zilizobaki ndizo zinazoshika gia za mbele. Tuzirudishe pamoja kesho, jipi itakwenda kama watu wengine, naye atanipa kona ndani ya hangari, mahali pakavu pa kukaa na spana zangu. Mtu mwema. Nilimshukuru, nikamwambia nitafikiri.

Nimefikiri. Bwate haina kosa. Hakuna bwate inayopanda kilima kama ile Masisi nzima. Kosa liko kwenye viti, vinatazama upande mbaya. Tangu saa nane mchana nimeshageuza vyote, pamoja na cha dereva. Usukani umebaki nyuma ya mgongo wangu, lakini mkono unaufikia.

Zimebaki boliti sita. Hizo ni za ziada.