Nilivyoinyamazisha Nakuru

Jumamosi, 4 Juni 1955

Leo nimeokoa mguu wa mtu. Naandika ili wajukuu wasome.

Nilikuwa na mpango wa vitunguu. Kiwanja nyuma ya nyumba za reli ni cha bure, samadi ya zizi la mnada ni ya bure, na Omolo pia ni wa bure. Omolo ni jirani yangu, anatia mafuta mabehewa. Mjaluo mrefu, hunishinda drafti kila siku na kuniita Hemed Maneno. Nikamwambia kazi yenyewe ni ya mkono mmoja. Akauliza mkono wa nani. Wake, bila shaka! Mimi nasimamia.

Akajichoma wayo kwa uma wa samadi. Tundu jembamba, refu, damu haikutoka hata ya kuonyesha watu. Achola, mkewe, akataka aende kwa dresa achomwe sindano. Nikacheka. Mtu aliyetembea na treni Mombasa mpaka Kampala ameona vidonda vya mataifa yote! Adui wa kidonda ni hewa. Nikaliziba tundu kwa grisi nzito ya mabehewa, nikafunga kitambaa, nikafunga na kingine juu. Hewa haiingii hata ikipiga magoti. Achola akaniita daktari wa mabehewa. Nimeipokea kama sifa.

Jumapili, 12 Juni

Omolo amenuna! Nimemshinda drafti mara moja tu na mtu mzima anakataa kula. Achola katuwekea mahindi ya kuchoma, yeye anasema taya limekaza. Nikamwambia taya hukazwa na wivu. Akanywa uji kwa kunyonya. Namwita, shingo haigeuki. Kiburi!

Kidonda lakini kimefunga, safi kabisa. Grisi ni grisi.

Jumatatu, 13 Juni

Nilikwenda asubuhi tupatane. Nikamkuta kitandani meno nje, uso wote umevutika, anacheka. Nikafurahi jamani. Nikampa ile hadithi ya stesheni masta wa Rongai na mbuzi. Akazidi. Nikamwongezea mwisho wake, ule ambao sisemi mbele ya wanawake. Mgongo wake ukapinda kama upinde, na hapo ndipo nikaona macho. Macho hayakuwa yanacheka.

Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa mkaa. Achola mbele anapasua njia, mimi nyuma nasukuma na kuongea. Sijui niliongea nini. Dresa Kiplangat alimtazama mara moja tu, akasema ni pepopunda.

Jumanne, 14 Juni

Kiplangat amenieleza. Heri nisingeuliza. Kuna kijidudu kinakaa kwenye udongo na samadi. Mambo yakikiendea vibaya kinajifungia ndani ya ganda gumu kama mbegu, kinalala huko miaka, jua halikiui. Kikiingia kwenye tundu refu lisilo na hewa kinaamka, kinatoa sumu, na sumu ndiyo inayokaza mwili. Hewa tu ndiyo hakiipendi.

Nikauliza, kwa sauti ya mtu anayepita njia, je, kama mtu ameliziba tundu kwa grisi? Akasema mtu huyo amekijengea nyumba na kukitandikia kitanda. Nikasema kweli, watu wengine hawana akili.

Achola alikuwa amesimama pale. Akanipa mgongo. Angenitukana ningeweza kula.

Kidonda wamekipasua upya, wakakisafisha. Amechomwa dawa inayotoka kwenye damu ya farasi. Nilikuwa na mzaha mzuri sana wa farasi. Nimeumeza. Omolo amelazwa chumba cha giza peke yake, kwa sababu mlango ukilia tu, au kikombe kikigonga, mwili wote unakamatwa na pumzi inasimama. Kiplangat anasema siku moja inaweza kusimama isirudi. Dawa yake ya pili ni kimya.

Akanitazama mimi. Kwa nini mimi?

Jumatano, 15 Juni

Wanataka kimya? Watakipata! Nimeanza na milango. Nimetia mafuta kila bawaba ya wodi, na magurudumu ya kigari cha chakula, na kwa bahati mbaya sakafu kidogo. Hakuna kinacholia tena. Kiplangat ameteleza na sinia la mabeseni.

Mlio ulifika mpaka sokoni. Nilimwona Omolo kupitia ufa wa mlango. Sitaandika nilichoona.

Nimefukuzwa wodini. Nimepiga deki sakafu yote kabla ya kuondoka.

Ijumaa, 17 Juni

Adui mpya: jogoo wa Nyongesa, bawabu wa hospitali. Anawika chini ya dirisha lenyewe. Nilimwomba Nyongesa kwa heshima zote. Akasema jogoo wake ameajiriwa hapa kabla yangu. Basi nikamfunika kwa kapu, nikarundika magunia. Giza totoro, akanyamaza. Nikakaa karibu najipongeza. Saa sita mchana Nyongesa akamfunua. Jogoo kuona jua, akadhani amekosa alfajiri! Akawika kulipa deni lote.

Nyongesa alipoona jinsi nilivyokimbilia dirishani, akaniuliza aliyelala mle ni nani wangu. Nikasema si mtu wangu, ni jirani tu, ananishinda drafti. Nikashindwa kuendelea, vumbi la Nakuru baya. Jioni amembeba jogoo kwapani, amempeleka kwa dada yake Subukia.

Jumatatu, 20 Juni

Sasa mkubwa wao: honi ya injini. Nilikwenda yadi kumwona Kosgei, anayechochea moto. Akaniuliza kama nimeugua kichwa, treni haiwezi kunong'ona. Nikamwambia ni Omolo. Akavua kofia, akaenda kuzungumza na dereva.

Injini ya alfajiri imepita leo kimya kabisa. Nimesimama barabarani nikalia kama mjinga. Nakuru nzima hatukujua kumekucha. Watu wamefika kazini jua liko utosini, na mimi wa mwisho! Bwana mkubwa anamtafuta aliyeanzisha jambo hili. Nami namsaidia kutafuta.

Ijumaa, 24 Juni

Achola hajalala siku nyingi, kwa hiyo Kiplangat ameniruhusu nimpokee zamu. Sharti: nisifungue mdomo. Nimevua viatu. Nimekaa sakafuni kando ya kitanda, nampangusa jasho kwa kitambaa laini. Niliwaza habari kumi za kumwambia. Habari ya jogoo peke yake ilitaka kunipasua kifua. Nikang'ata kofia.

Alikamatwa mara moja. Pumzi ikakatika. Nikahesabu moyoni, nikaacha kuhesabu, nikaomba. Ikarudi.

Achola aliporudi akanikuta na kofia mdomoni. Kwa mara ya kwanza tangu tumlete akanisemesha: shemeji, kula. Viazi vilikuwa vya moto. Nimetafuna bila sauti.

Jumamosi, 2 Julai

Taya limelegea! Ameweza kula ugali uliolainishwa kwa mchuzi. Ameongea pia, sauti kama ya mlango mbovu. Kamwambia Achola kwamba Hemed alipokaa kimya vile, yeye alijua amekwisha kufa. Achola alicheka akilia, akanipiga begani. Kofi zuri kuliko yote niliyowahi kupigwa.

Ijumaa, 15 Julai

Omolo anatoka kesho asubuhi! Kiplangat ametukalisha mimi na Achola akatuonya: mwili bado mchanga, asishtuliwe hata kidogo, arudishwe polepole, kimya kama tulivyozoea. Nimeitikia kwa kichwa. Kimya nakijua mimi kuliko mtu yeyote Nakuru hii.

Lakini mtu ametoka kaburini, aende nyumbani kama mwizi? Haiwezekani! Nimezungumza na vijana wa beni wa Bondeni. Tarumbeta nne, zumari, na lile goma kubwa linalobebwa na watu wawili. Watajificha nyuma ya ukuta, pale langoni. Kosgei naye nimempanga: akiniona natikisa kofia, avute honi mpaka mvuke umwishie. Achola hajui, Kiplangat hajui.

Omolo anapenda beni sana. Nimewaambia vijana wasianze taratibu, waanze wote kwa pamoja, mara tu atakapotia mguu nje. Jambo kubwa ni ashtuke.