Machi, Kiyoyozi na Mimi

Jumatatu, 3 Machi

Joto! Malindi imekuwa sufuria, nasi ndio ugali. Leo dukani godoro lilinigandia mgongoni nikimwonyesha mteja jinsi ya kulalia. Tuliachana kwa shida. Mteja hakununua.

Nyumbani, balaa jingine. Kiyoyozi cha chumbani kimeanza kutoa pumzi ya ng'ombe. Vuguvugu, na ina harufu. Mke wangu Cherop, ambaye siku zake za kujifungua zimekaribia, nimemkuta amelala sakafuni, kitenge kibichi kifuani.

Mamake akapiga simu kutoka Kericho, Cherop akaweka spika. Nilisikia yote kwa sababu nilisimama mlangoni kwa makusudi. Mama mkwe alisema kwao watu wanavaa sweta adhuhuri, binti yake arudi akajifungulie huko. Hapo muuza samaki akapita dirishani akibonyeza honi ya baiskeli, akabonyeza, akabonyeza. Alipotokomea, nikasikia mama mkwe akisema atamtuma Kiprop, kaka yake Cherop, afike Jumamosi. Na Cherop akajibu, "Sawa, Mama."

Sawa! Mtoto wangu wa kwanza azaliwe upande wa pili wa nchi, mimi niko huku nauza magodoro? Haiwezekani. Nimemtangazia Cherop kwamba kufikia Jumamosi chumba hiki kitakuwa Kericho. Akasema tumpigie fundi Okoth. Okoth yuko Kilifi kwa kazi, harudi hadi wiki ijayo. Vyema sana. Kazi ya akili haimhitaji Okoth.

Jumanne, 4 Machi

Nimegundua ugonjwa: maji. Kiyoyozi kinadondosha maji ndani, ukutani, badala ya kuyatoa nje kwa mpira wake. Basi mpira umeziba. Wazi kama jua.

Mpango: kuupuliza. Nikatoka nje, nikautia mdomoni, nikapuliza. Kimya. Nikapuliza tena. Kitu kikasogea! Nikapuliza kwa nguvu zote za ukoo wetu.

Chumbani, Cherop akapiga ukelele.

Uchafu wote wa mwaka ulikuwa umerudi ndani. Ute mweusi, sisimizi, na kitu kimoja ambacho mpaka sasa sikijui. Ulimwagikia nguo za mtoto, alizokuwa amezifua, akazipiga pasi, akazipanga kitandani. Hakunigombeza. Alizikusanya, akaketi uani na beseni, akaanza kuzifua upya, moja moja. Afadhali angenigombeza. Nikajitolea kusuuza. Aliniamini soksi tu.

Nimesukutua kwa maji ya chumvi. Mdomo bado una ladha ya dimbwi.

Jumatano, 5 Machi

Wazo kubwa! Sanduku la nje la kiyoyozi linapigwa na jua mchana kutwa. Kitu kinachoungua kitampozaje mtu? Na mimi ni mtu wa magodoro!

Nikaomba mabaki ya sponji kwa Idah, mwenye duka. Aliuliza ya nini. Nikasema ya utafiti. Nikashona koti, nikalilowesha, nikalivisha sanduku, nikafunga kwa kamba pande zote, bila kuacha upenyo. Lilipendeza! Nikaanza kuona mbali. Hoteli zote za pwani, Koti la Mutuku, jina langu mgongoni. Tawi Kilifi. Tawi Mombasa.

Sanduku likanguruma. Nikasema linashukuru. Likatetemeka. Nikasema linazoea. Kisha "tap!", jengo zima likakatika stima, majirani zetu wa ghorofa ya juu wakiwa ndio kwanza wanaandaa futari.

Mama wa nyumba ile akashuka na tochi. Nikamwahi na shikamoo. Akaitikia marahaba, akalimulika sanduku langu lililovaa koti, akaniuliza kwa upole kama linaumwa.

Tulirudisha swichi. Nikalivua koti. Baadaye yule mama akaleta sahani ya tambi na sambusa, akasema ni za mjamzito. Amefunga tangu alfajiri katika joto hili, hajalalamika, na bado analeta sambusa. Niliona aibu. Nilikula mbili tu.

Jumatatu ya ahadi yangu imekuwa mbali sana, Jumamosi inakimbia.

Alhamisi, 6 Machi

USHINDI! Barafu! Nimerudi chakula cha mchana, nikachungulia ndani ya kiyoyozi, na mabomba yake yamevaa barafu nyeupe, nene. Barafu, Malindi, mwezi wa tatu! Nikaipiga picha, nikamtumia mama mkwe: Kericho imehamia huku. Hajajibu.

Dosari moja ndogo: chumba bado ni moto. Upepo hautoki kabisa. Nimekaa chini ya kiyoyozi nikingoja baridi ishuke. Ni jasho lililoshuka.

Na Cherop hayupo! Nikamkuta kwa Mwaro, jirani wa nyuma. Mwaro hana kiyoyozi. Ana baraza la makuti na kitanda cha kamba, basi. Juu ya kitanda hicho mke wangu amelala usingizi mzito, uso umetulia vile sijauona wiki nzima. Kahonzi, mkewe Mwaro, anampepea.

"Mwache mwanangu alale," akaninong'oneza. "Huja hapa kila siku ukishaenda kazini."

Kila siku! Mwaro akanikaribisha, akasema upepo ni wa Mungu, haulipiwi. Nikamwambia mimi kwangu kuna barafu.

"Alaa," akasema Mwaro.

Sikuipenda ile alaa. Nimerudi dukani na wivu. Wengine huonea wivu magari ya watu. Mimi naonea wivu makuti.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimesalimu amri. Nimemwona Cherop akijaribu kuvaa viatu, miguu imevimba, haingii. Nikamwambia aende tu Kericho. Nikasema nitampeleka stendi mwenyewe, nitabeba mizigo, sitalia.

Cherop akachukua simu, akampigia Okoth huko Kilifi, akaweka spika. Okoth akauliza kama tumeosha chujio.

"Chujio lipi?" nikauliza.

Okoth akakohoa. Akasema tuzime kwanza barafu iyeyuke, tufungue kifuniko cha mbele, tutaona nyavu mbili, ndiyo machujio, tuzioshe kwa maji ya bomba tu. Mpira nao huvutwa uchafu kutoka nje, haupulizwi. Akauliza kama kuna mtu aliyeupuliza. Cherop akasema mtandao ni mbaya, akakata. Huyo ndiye mke.

Nyavu zilikuwa na manyoya kama paka. Vumbi la miaka, limefunga njia yote ya upepo! Cherop ameziosha, mimi nimeshika taulo. Jioni upepo ukatoka, baridi, wa kweli. Cherop akasimama chini yake, akafumba macho, akacheka. Naweza kusema tumetengeneza pamoja.

Jumamosi, 8 Machi

Tangu alfajiri nimeshusha kiyoyozi mpaka nyuzi kumi na sita, ili Kiprop akiingia atetemeke. Akafika, sweta begani, gunia refu kichwani. Akavuka kizingiti. Stima ikapotea. Mji mzima!

Nikakaa chini. Nikamwambia, shemeji, basi, umeshinda, mchukue.

"Nimchukue nimpeleke wapi?"

"Kericho. Si ndicho kilichokuleta?"

"Mimi nimeleta kitanda cha mtoto," akasema Kiprop, akalitua gunia.

Kumbe Jumatatu ile, honi ya samaki ikilia, Cherop alimwambia mamake kwamba hasafiri, kliniki yake iko hapa na mumewe yuko hapa. Mama alinuna kidogo, kisha akasema basi atamtuma Kiprop na kitanda. Nikamuuliza Cherop mbona hakuniambia. Akasema alijaribu Jumanne, akajaribu Jumatano, na kila akianza nilikuwa nakimbilia nje kwenye lile sanduku.

"Na ningekuachaje?" akasema. "Ningerudi na mtoto nikukute umekufa, mpira mdomoni."

Nilikwenda uani, nikasuuza soksi za mtoto ambazo hazikuwa chafu.

Mchana tumeshinda kwa Mwaro sote. Upepo wake si mbaya.

Jumapili, 9 Machi

Stima imerudi. Cherop amelala chumbani, kwenye baridi ya kiasi. Okoth amepiga simu, atakuja kuosha lile sanduku la nje, na ameomba kwa jina la Mungu nisiguse chochote. Nimekubali. Mtu hujifunza. Wiki hii imenifunza kusubiri wenye ujuzi.

Kitanda cha mtoto kimo guniani, vipande vipande. Kiprop alisema seremala alimwonyesha namna ya kukiunga, tungoje aamke. Lakini Kiprop kalala kwa Mwaro tangu tulipotoka kanisani, anakoroma. Nimemngoja kwa muda wa heshima. Kitanda ni kitanda! Miguu minne, ubavu huku, ubavu huku.

Nimemaliza kabla mtu yeyote hajaamka. Kimesimama. Kimeinama kidogo upande wa dirisha, kama kinasikiliza. Vimebaki vipande viwili virefu na skrubu za kujaa kiganja. Nimevitupa. Yule seremala alizidisha.