Ukungu wa Uwandani Ugawiwe kwa Zamu

Duka la Mwanzo wa Njia,
Uwanda wa Paul da Serra,
Madeira.

Kwa Shemeji Firmino,
Msimamizi wa Zamu za Maji ya Mfereji.

YAH: UKUNGU UNAOKAA KWANGU BILA ZAMU

Shemeji mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema na ufunguo wa mfereji kiunoni. Mimi ni mzima, ila sijioni vizuri.

Nakuandikia kama msimamizi wa maji, si kama mdogo wa marehemu mume wangu Abílio, kwa hiyo usinijibu "vumilia tu, shemeji" kama ulivyonijibu pale kanisani. Sheria yetu unaijua kuliko mimi. Maji ya mfereji yana zamu. Zamu yako ikifika unafungua, hata kama mvua inanyesha na huyahitaji; ikiisha unafunga, na anayechelewa kufunga anaitwa mwizi mpaka Pasaka. Sasa, ukungu ni nini? Ni maji. Nimehakikisha kwenye nywele zangu mwenyewe. Basi uko chini ya mamlaka yako, nawe umeuacha ukae kwangu mwaka mzima, wakati kule pwani dada yangu Zulmira anaungua na jua na migomba yake imesinyaa. Huo ni upendeleo, shemeji, na sikuuomba.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wageni wanapanda na basi kuja kuanza njia ya kwenda kwenye maporomoko ya maji. Wakishuka wanaona vidole vyao tu. Juzi bibi mmoja Mjerumani alipiga picha ukuta wa choo changu, ule uliopakwa chokaa, akaniambia ndiyo maporomoko mazuri kuliko yote kisiwani. Sikuwa na moyo wa kumsahihisha. Mumewe naye akasimama pale pale apigwe picha, mikono kaitandaza.

2. Ng'ombe. Wanazurura uwandani bila mchungaji, na wageni wakisikia kengele wanadhani ni kiongozi wa msafara. Kundi zima limemfuata ng'ombe wa Gualberto, likazunguka naye asubuhi yote, likaingia naye dukani kwangu kwa mlango wa nyuma, likimshukuru. Gualberto akaja juu: "Bi Ludovina, wageni wako wamemchosha ng'ombe wangu, hata maziwa hatoi!" Wageni wangu! Utadhani nimewazaa mimi.

3. La tatu ni Evaristo. Nitalisema mwisho maana linanipandisha damu.

4. Kama ukungu ni maji, na mimi sina zamu, basi mimi ni mwizi wa maji. Naiba kila siku, kwa shuka, kwa soksi, kwa mkate. Ama unipe zamu halali, ama uje unikamate.

Naomba basi ujenge lango pale mlimani unapopandia ukungu, nami kufuli nitatoa. Unifungulie Jumanne. Siku nyingine apewe Zulmira, na Jumapili ubaki baharini watu wasali. Alhamisi nisione hata tone! Usipofanya hivyo kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martinho, tunapofungua divai mpya, nafunga duka nateremka pwani moja kwa moja. Zulmira kanitengea chumba. "Shuka, mdogo wangu," ananiambia, "utaota kuvu huko juu peke yako." Nimeshaanza kufunga bilauri.

Sasa Evaristo. Huyu ndiye dereva wa basi la Alhamisi. Ukungu ukitanda hathubutu kuzishuka zile kona, basi anakaa jikoni kwangu mpaka ufunguke. Anamaliza supu yangu ya ngano. Anakoroga poncha bila kuombwa, pombe ya miwa, asali na ndimu, halafu ananikosoa: "Ludovina, kwenye ndimu wewe una mkono wa birika." Amezitia mafuta bawaba za kabati ambazo kelele zake nilishazizoea. Anaimba, na hajui kuimba. Alhamisi iliyopita akasema kiti cha Abílio kina mguu mbovu, akautengeneza, akakikalia. Mwenye nyumba anageuzwa mgeni jikoni kwake, shemeji, kwa ajili ya ukungu wako!

Nisalimie mkeo Natividade, watoto, padri, na Gualberto ukimwona. Ng'ombe nimeshamsalimia mwenyewe.

Shemeji yako katika haki na unyevu,
Ludovina

Tanbihi: Barua hii niliiandika jana. Leo Alhamisi kumekucha kweupe, bahari inaonekana pande zote mbili. Wageni wameona kila kitu. Evaristo hakuzima hata injini. Alinipungia dirishani, "Leo njia nyeupe, Ludovina, nawahi!" akageuza basi akaenda zake. Supu nilikuwa nimepika nyingi. Nimeinywa peke yangu kwenye kile kiti, ambacho kweli hakiyumbi tena, na nimesikitika, sikufichi. Kwa hiyo lango usijenge. Alhamisi zote ni zamu yangu, uniletee ukungu mzito, na ukipungua chukua wa wengine. Mwambie Zulmira chumba aweke vitunguu. Na kama utakuja kunikamata kwa wizi wa maji, njoo siku yoyote isipokuwa Alhamisi.