Jinzi Zangu za Grunge

Jumapili, 3 Machi 2002. Stratford.
Nimeamua. Nitaingia bendi ya Harjit wa darasani kabla ya tamasha la shule, la sivyo nitamaliza shule bila kujulikana na mtu ila mkutubi. Harjit anatafuta mpiga gitaa. Roki ya grunge tu! Majaribio ni Jumatano, tarehe 13. Nimesoma kila kitu maktabani. Hitimisho: wakubwa wote wa grunge walivaa ovyo. Gitaa sijui. Lakini kuvaa ovyo mtu anajifunza!

Jumanne, 5 Machi.
Nimepasua jinzi magotini na kuzisugua ukutani. Nimevaa shati la drafti la Baba, la kufanyia usafi. Mama akauliza, Gervais, umeanguka wapi? Nikasema ni muziki. Akasema muziki gani unaorarua watu suruali.

Jumapili, 10 Machi.
Aibu! Nimeenda kanisani hivyo hivyo, nizoee kutazamwa. Wamama wa kwaya walitazama magoti yangu, kisha wakamtazama Mama. Wakati wa matangazo Mama Euphrasie wa kwaya akasimama: kuna familia hapa inateseka kimya kimya, tuiombee. Wakaniwekea mikono. Jioni mlango wetu umejaa mifuko ya suruali, zote zimepigwa pasi. Mama analia. Anasema hata tulipokimbia vita Bukavu hakuna mtoto wake aliyetoka na nguo yenye matundu. Jinzi amezitia viraka vya kitenge. Chenye kasuku!

Jumatano, 13 Machi.
Majaribio. Harjit aliwaona kasuku akacheka mpaka akadondosha fimbo za ngoma. Wazazi wake ni wa Nairobi, kwa hiyo alinitania kwa Kiswahili: haya mzee, waimbishe hao ndege. Nikaeleza kwamba grunge ni msimamo wa moyo. Akasema piga basi. Sikupiga. Ndipo akaingia Israël, mtoto wa shangazi, mpiga gitaa wa kanisa letu. Suti, tai, viatu vinang'aa! Grunge hajui hata ni nini. Akasikiliza wimbo mara moja, akaupiga wote. Amechukuliwa papo hapo. Mnafiki akasema pole kaka, njoo Jumamosi nikufundishe.

Alhamisi, 14 Machi.
Nimefikiri sana na kosa nimeliona. Suti! Israël amenishinda kwa suti. Muhula ujao Harjit atatafuta mpiga besi, na Baba amekubali kunipa suti yake ya harusi. Israël amepiga simu kuuliza kama naja Jumamosi. Nimemjibu sina nafasi, napunguza mikono ya koti.