Taa Moja Tu Kwenye Trei Yangu

Jumatatu, 4 Machi

Midomo imepasuka tena. Lithiamu haipatani na unyevu, kwa hiyo mashine hufyonza maji yote ya chumba cha kazi, pamoja na ya mwilini mwangu. Hatuingii zaidi ya watu watatu. Pumzi za mtu wa nne, eti, ni mvua. Miaka kumi na mitano nilikuwa kwenye mitambo ya mafuta baharini, nikilowa mpaka soksi. Leo niko Pueblo, Colorado, nyuma ya duka la matairi, nakaushwa kama samaki.

Dokta Petrakis, mwenye kampuni, katuita. Kampuni! Watu watano na mashine mbovu ya kahawa. Kasema Alhamisi anakuja afisa wa serikali. Fedha za awamu ya kwanza zinakwisha. Betri zetu za lithiamu na salfa zikionekana zinadumu, tunapewa awamu ya pili, na siku moja zitapelekwa angani. Betri zinazonuka mayai viza! Pole zao huko juu.

Mimi na Duane Kessler kila mmoja katengeneza trei ya betri kumi na mbili. Mwenye trei bora ataajiriwa moja kwa moja. Mwingine "atashukuriwa". Nimeshashukuriwa mara nne maishani, najua ladha yake.

Kisha Dokta akaanza kueleza kabati la majaribio, linalozichaji betri na kuzimaliza chaji, mara mia tatu. Nikatoka kuvuta sigara. Kabati ni kabati.

Jumanne, 5 Machi

Dada yangu Odile kapiga simu kutoka kwetu Louisiana. Kanisa zima limeambiwa mimi ni injinia wa mwezini. Nilimwambia mwenyewe, siku ya Krismasi, nimekunywa. Kauliza nitapanda lini. Nikamjibu hiyo ni siri ya serikali. Nikifukuzwa hapa, narudi kule kwa uso gani?

Nikaenda kuchungulia kabati. Balaa! Kila betri ina taa yake. Trei ya Duane, yenye utepe wa njano: taa kumi na moja zinawaka. Yangu, yenye utepe wa bluu: taa moja tu. Moja! Kwenye mitambo ya mafuta taa ikizimika, pampu imekufa. Nimetengeneza makaburi kumi na moja.

Duane akanikuta nimeduwaa. Huyu hutia pilipili ya kijani hata kwenye keki, na kila betri huiombea dua kabla ya kuifunga. Akauliza, "Vipi, Bwana Kamba, unahesabu nyota?" Ananiita hivyo kwa sababu kwetu tunakula kamba wa mtoni. Akaongeza kuwa trei yangu imemwacha mdomo wazi, hajaona kitu kama kile. Kejeli tupu! Nikamwambia aufunge, chumba kinaingia unyevu.

Jumatano, 6 Machi

Nina akili kuliko jengo zima.

Saa ya chakula wote walitoka. Nikaingia peke yangu kubadilisha tepe: njano iende kwangu, bluu iende kwake. Kazi ya dakika moja. Lakini jaribu kubandua utepe ukiwa na glavu za mpira! Wa njano uliganda kidoleni. Nikauvuta kwa mkono wa pili, ukahamia huko. Wa bluu ukaning'inia kwenye ndevu. Nikatoka jasho mpaka kengele ya unyevu ikalia.

Dokta akagonga kioo, akauliza nani anachemsha kitu humo ndani. Nikasema nilikuwa napumua kwa hisia, kwa ajili ya kampuni. Akaniambia nikapumulie nje. Lakini tepe zilikuwa zimeshabadilishwa. Zimepinda kidogo. Nani ataangalia?

Alhamisi, 7 Machi

Afisa kaja, Bwana Whitlock, tai yake imechorwa roketi. Mtu mzima!

Akaingia na Dokta, sisi wengine tukabaki nje ya kioo. Akainama mbele ya kabati. Akaipita trei yenye taa kumi na moja bila hata kuguna. Akasimama kwenye ile yenye taa moja. Akavua miwani. Nikasema moyoni, masikini, anatoa rambirambi. Kumbe anampongeza Dokta! Taa huwaka betri ikishachoka. Isiyo na taa ni nzima. Betri kumi na moja zimemaliza mara mia tatu na bado zina nguvu zake. Eti yote hayo tulielezwa Jumatatu.

Dokta akauliza kwa sauti ya harusi, hii ya utepe wa njano ni ya nani?

Duane akajikuna kichwa. Akasema ni yake, ila hata yeye haelewi, juzi ilikuwa hoi. Kisha akaangalia juu na kumshukuru Mungu. Kila mtu akapiga makofi. Na mimi nikapiga. Ningesema nini? Kwamba nimejiibia?

Ijumaa, 8 Machi

Awamu ya pili imepatikana. Duane kaajiriwa. Mimi nilikuwa nashukuriwa, Dokta ameshashika barua, ndipo Duane akaingilia. Akasema, "Dokta, huyu ana mkono mzuri, mwache ajaribu trei nyingine." Nimepewa mpaka mwisho wa Aprili. Huruma yake inanuka pilipili. Simwii radhi.

Nimempigia Odile. Nimemwambia nimepandishwa cheo.

Mchana limeletwa kabati jipya. Kila betri ina taa mbili, nyekundu na kijani. Duane akavuta kiti ili anieleze maana yake. Nikamwambia mimi si mtoto wa kufundishwa taa, nikatoka kuvuta sigara.

Nikirudi nyumbani nimepitia dukani. Nimenunua utepe wa njano na wa bluu. Na koleo dogo, kwa sababu ya zile glavu.