Goti Langu Katika Filamu ya Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Wamekuja! Taa, nyaya, masanduku, na watu wawili: mwongozaji, mwanamke mwenye miwani na sauti ya upole, na mpiga picha asiyesema neno. Wanatengeneza filamu ya maisha ya shemeji yangu, Gharika. Na wala si filamu ya mieleka. Ni ya kuacha vidonge! Eti jinsi bingwa alivyozama kwenye vidonge vya maumivu akapoteza mke, nyumba na meno ya mbele, kisha akapelekwa kituo cha tiba, akaibuka. Siku hizi ni fundi makochi. Analala chumba cha uani kwangu na kutwa nzima ana misumari mdomoni.

Sina wivu. Wivu wa nini? Lakini haki isemwe. Gharika alipokuwa bingwa, nani alikuwa anaanguka? Mimi, Nge Mweusi! Kila Jumamosi namtia vidole machoni, namng'ata sikio, ukumbi mzima unanizomea na kunirushia maganda ya machungwa, kisha nalala chali mpaka refa amalize kuhesabu. Ndiyo, tulikuwa tunapanga. Mieleka ya ukumbini hupangwa, kila mtu anajua. Ila sakafu haikuwa inapangwa. Goti langu ni shahidi. Bila Nge hakuna Gharika, na anayebisha aje tubishane.

Leo nimeingia kwenye filamu mara moja. Mkono tu, ukipitisha sinia ya chai. Mwongozaji akaomba mkono utoke.

Nimemeza vidonge viwili kwa ajili ya goti. Dharau huliumiza sana goti hili.

Jumanne, 5 Machi

Mahojiano karakanani. Nilijipanga nyuma ya kochi lisilovishwa kitambaa, pale ambapo kamera ingeniona katikati ya springi. Mwongozaji akamuuliza Gharika nani alimpa kidonge cha kwanza. Gharika akatema misumari kiganjani, akatazama chini, akasema ni rafiki mmoja tu, siku mgongo ulipomkatikia ulingoni. Akaongeza kwamba hamlaumu.

Rafiki mmoja tu! Rafiki huyo ni mimi! Nilimpa kwa moyo mweupe, kutoka mfukoni mwangu mwenyewe, na leo hata jina hanitaji? Shukrani ya punda ni mateke. Nikainuka nirekebishe historia. Springi ikanikamata suruali. Kitambaa kilipochanika, maikrofoni ilisikia kila kitu. Ikabidi warudie mahojiano yote, mimi nikiwa nje na mlango umefungwa.

Mke wangu, ambaye ndiye dada yake Gharika, kanipa onyo kali. Kasema filamu hii si mchezo wa kuigiza. Binti yake Gharika kaahidi kuja Jumamosi, na atamleta mtoto. Gharika hajawahi kumpakata huyo mjukuu wake hata siku moja. Binti katoa sharti: akiona kidonge, hata kimoja, karibu na baba yake, atageuza na ndio mwisho. Kwa hiyo nyumba imepekuliwa. Mke wangu katupa mpaka dawa ya mafua.

Ndani ya kiatu changu cha ulingoni hakupekua. Na kwa nini apekue? Vya Gharika vilikuwa vya uraibu. Vyangu ni vya goti. Mtu mwenye akili anaona tofauti.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata wazo. Nilimshauri mwongozaji turudie pambano letu la zamani, mimi na Gharika, uani, juu ya sponji za makochi. Kumbukumbu tu, nikasema, kitu kifupi. Akakubali! Hakujua nilichoweka moyoni.

Nilichoweka moyoni ni hiki: leo sianguki. Katika mapambano yetu yote kulikuwa na ishara. Gharika akijipiga kifua mara tatu, mimi chini. Nikaapa leo ajipige kifua mpaka kipasuke, nitasimama. Nitamnyanyua, nitamlaza, kamera itaona, na dunia itajua nani alikuwa mwanamume siku zote.

Tukaanza. Mambo yakaenda vizuri. Nilikuwa nimeshamshika kiuno! Mara vumbi la sponji likamwingia kooni, akakohoa, akajigonga kifua ili apumue. Mara tatu. Haikuwa hata ishara, jamani! Mwili wangu ukaanguka. Haukuniuliza! Nikajikuta chali, ulimi nje, mguu wa kushoto unatikisika vile watazamaji walivyokuwa wanapenda. Mke wangu akahesabu moja, mbili, tatu kutoka dirisha la jikoni. Mpiga picha akacheka, sauti yake ya kwanza tangu Jumatatu.

Gharika akanipa mkono niinuke. Akauliza goti likoje. Nikamwambia goti ni langu, ashughulike na makochi. Akanitazama muda mrefu, akasema mlango wa chumba chake haufungwi, nikitaka kuzungumza niingie tu. Nizungumze nini? Mtu akishaokolewa mtoni anaona kila anayenawa uso anazama.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeshaijua kasoro ya filamu yao. Shujaa anainuka, anainuka, anainuka. Hakuna anayemwangusha! Ulingoni bingwa akianza kushinda tangu kengele ya kwanza, watu wanakwenda zao nyumbani. Lazima apigwe kwanza. Lazima alale chini, akina mama walie, refa anyanyue mkono, ndipo wokovu uje. Huo ndio ufundi wetu, na hawa waliosomea kamera hawajui.

Kwa hiyo mpango. Kichupa cha vidonge, chenye karatasi yake, kitawekwa rafu ya karakanani nyuma ya kopo la gundi. Ndani: peremende nyeupe, za duara, hazina madhara kwa mtu. Kesho Gharika atamwonyesha binti yake karakana. Kamera itakiona kichupa. Binti atapiga kelele. Gharika atakosa la kusema. Hapo ndipo nitakapoingia, nitachukua kimoja, nitakitafuna mbele ya wote: peremende! Nitaeleza kwamba lilikuwa jaribio na shemeji kalishinda. Kilio, kicheko, makofi. Filamu itakuwa imepata anguko, imepata mwinuko, na imepata mwokozi ambaye jina lake halitafichika. Nani atapata hasara? Hakuna.

Mke wangu alisema binti akiona kidonge hatarudi. Vizuri sana! Ndiyo maana watu watakaa ukingoni mwa viti.

Shida ndogo: kichupa nilicho nacho ndicho chenye vidonge vyangu. Nimevihamishia kwenye kopo la peremende, nikalifunika, nikaliweka juu ya kabati la sebuleni, kando ya redio. Kazi safi. Mtu angenisifu kama angejua.

Jumamosi, 9 Machi

Nimehujumiwa. Na sisimizi, na mke wangu, na dunia.

Binti kafika asubuhi. Sura ya baba yake tupu, mikono kaikunja kifuani. Mtoto ni msichana wa kimo cha meza. Gharika alikuwa mlangoni na shati lililopigwa pasi, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mtoto akamkagua kutoka chini kwenda juu, akauliza kwa nini huyu babu ni mkubwa kuliko mlango. Tukacheka. Binti hakucheka, ila mikono aliikunjua.

Nikachomoka kwenda karakanani kuhakikisha kichupa kiko tayari. Sisimizi! Wameingia chupani wote na ukoo wao. Peremende zimekuwa nyeusi na zinatembea. Nani ataamini vidonge vya hospitali vinatembea? Bado nawakung'uta mikononi nikasikia kishindo sebuleni, kisha mtoto analia.

Yaliyotokea nimesimuliwa baadaye. Mke wangu, kwa ukarimu wake usioulizwa, alishusha kopo la peremende akampa mtoto achague. Mtoto akalitikisa. Gharika alikuwa upande wa pili wa chumba anamimina chai. Anasema sauti ile anaijua hata akiwa usingizini. Akaruka meza, mtu wa umri ule na mwili ule, akalipokonya kopo kabla kifuniko hakijafunguka. Kifuniko kikafungukia mikononi mwake.

Mimi nilifika hapo. Gharika amepiga magoti, kopo mkononi, vidonge vimetapakaa sakafuni, kamera inazunguka. Binti kambeba mtoto. Akasema alijua. Akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba alijua, na kwamba yeye ndiye mjinga aliyeamini. Akachukua mkoba wake.

Gharika akafungua kinywa. Akaniona mlangoni. Akavijua ni vya nani, nilisoma usoni mwake, kama ninavyosoma ishara zake zote. Na akafunga kinywa! Hakunitaja. Akaanza kuokota kimoja kimoja, mkono kaunyoosha mbali na mwili. Akamkabidhi mke wangu vyote. Mke wangu akaelekea chooni.

Hapo uvumilivu ukaniisha. Chooni? Vidonge vyangu? Nikapiga yowe. Nikasema ni vyangu! Vyangu, vya goti langu, nimevimeza tangu huyu binti hajaolewa, na Gharika hajaonja hata kimoja, wala hajaniomba, na hata angeniomba nisingempa! Nikasema nimelazimika kuvificha kiatuni kwa sababu nyumba hii haiheshimu mali ya mtu. Nikadai nirudishiwe vyote, pamoja na kile kilichokwenda chini ya kabati.

Binti akauweka mkoba chini.

Chooni maji yakavutwa hata hivyo. Nilisikia vikienda. Moyo wangu ukaenda navyo.

Binti akamsogelea baba yake, akampa mtoto. Gharika akampokea kwa mikono miwili, hathubutu hata kukunja vidole, akalia kwa sauti mbele ya watu. Mtoto akamfuta pua kwa kola ya shati. Mimi pia nililia. Sababu zangu ni nyingine.

Jumapili, 10 Machi

Homa. Natetemeka, natoka jasho, mifupa inauma mpaka ile nisiyoijua. Ni hali ya hewa. Mke wangu haniongeleshi, lakini kanibadilishia shuka mara nyingi na kila mara kanifunika miguu. Gharika kakaa kando ya kitanda tangu asubuhi. Nikamfukuza. Hakwenda. Akasema na yeye mwanzo ulikuwa hivi hivi. Nikamwambia yake ilikuwa uraibu, yangu ni mafua. Akasema sawa, akanishikia kikombe, kwa sababu mikono yangu ilikuwa inamwaga.

Nilimuuliza kwa nini jana hakunitaja. Akasema aliona ni neno langu, nilipaswa kulisema mimi. Upumbavu ulioje! Angenitaja Jumanne, nilipotaka kutajwa.

Jioni mwongozaji akaja. Akakaa, akavua miwani, akauliza kama ningekubali waendelee na filamu kwa kunipiga picha mimi. Kasema filamu ilikuwa na mtu aliyefika, ikakosa mtu aliye mwanzoni mwa safari.

Niliwaambia! Niliwaambia kwamba inakosa anguko! Nimekubali kabla hajamaliza sentensi. Mimi ndiye mhusika mkuu sasa. Gharika ni msaidizi.

Alhamisi, 14 Machi

Leo nimehudhuria kikundi cha Gharika, cha watu wanaoacha vidonge. Darasa la shule ya msingi, viti vya watoto, watu wameketi duara, magoti yanagusa videvu. Nilivaa joho langu jeusi la ulingoni. Linabana tumboni lakini bado linatisha. Gharika akakaa kulia kwangu.

Kila mtu anasema lake. Dereva wa lori kasema, muuguzi kasema, mama mmoja anayefuma sweta kasema huku anafuma. Wote kwa sauti za kuomboleza. Ilipofika zamu yangu nikasimama. Nikawaambia mimi ni Nge Mweusi, sina tatizo la aina yoyote, nimekuja kwa ajili ya filamu, na anayengoja kuniona nalia alete godoro maana atalala hapa. Kisha nikatanua kifua nipokee kuzomewa.

Wakapiga makofi.

Wote! Dereva, muuguzi, yule mama kaweka sindano zake pembeni apige vizuri. Wakasema karibu, wakasema kuja ndiyo kazi kubwa. Nimepanda ulingoni nusu ya maisha yangu na sijawahi kupigiwa makofi hata ya bahati mbaya. Nikainama. Nikainama tena. Kinywa kikawa kimefunguka na kuna kitu kilikuwa kinataka kutoka, sijui hata ni nini. Nikakifunga haraka. Mhusika mkuu hatoi yote siku ya kwanza.

Nikaomba ruhusa niende msalani. Vidonge vipya, nilivyonunua jana, viko ndani ya soksi. Viwili vya goti, na kimoja cha zile shangwe. Nilikuwa na haki.

Niliporudi walikuwa wamenihifadhia kiti. Gharika akanitazama soksi, akanitazama uso. Akavuta kiti chake karibu na changu mpaka bega lake likanigusa, na hapo akabaki.

Nikamwambia asogee. Ananizibia kamera.