Tufaha la Rangi Mbili

Jumatatu, 4 Machi
Miguu imevimba. Soko limelala. Kwenye kreti la mwisho nikakuta tufaha la ajabu: nusu jekundu, nusu kijani, mpaka umenyooka toka kikonyo hadi kitako kama umepigwa rula. Mke wangu akasema nilikate tule. Nilikate! Hili ndilo litanikomboa na Kipaza, muuza matunda wa meza ya pili, anayepiga kelele mpaka wateja wangu wanahamia kwake.

Jumanne, 5 Machi
Nimeliweka juu ya kitambaa cheupe. Watu wamejaa! Mwalimu wa baiolojia akaeleza kwamba tunda lilipokuwa changa, seli moja iligeuka, na zote zilizotoka kwake zikafuata rangi yake. Nikauliza kama nikipanda mbegu nitapata mengine. Akacheka, akasema nisijisumbue. Kipaza kanuna. Raha! Jioni nikatanabahi: wametazama kwangu, wamenunua kwake.

Jumatano, 6 Machi
Wazo! Moja ni ajabu, kumi ni biashara. Nimepaka matufaha ya kijani nusu nusu kwa rangi ya keki ya mke wangu. Mgongo unaniua. Mipaka imepinda kidogo, lakini nani atakagua?

Alhamisi, 7 Machi
Kipaza amekagua. Alikuja na kitambaa kibichi, akafuta mbele ya kadamnasi. Kitambaa kikawa chekundu! Nikaapa kwamba lile la kwanza ni la kweli. Wakaniambia nikamwapie mama mkwe, si wao. Mwalimu akaninong'oneza kuwa anajua ni la kweli, ila wanafunzi wake wako pale, asingependa aonekane na mimi. Basi wakalikwangua kwa kucha, kila mtu na zamu yake, mpaka likawa la kahawia pande zote. Nimechoka hata kukasirika.

Jumamosi, 9 Machi
Mke wangu ana oda ya keki na rangi hana. Hasemi nami. Alikata kilichobaki cha lile tufaha, tukala. Upande mwekundu mtamu, wa kijani mchachu. Muujiza mtupu, na shahidi ni yeye tu! Mwishowe akafungua mdomo: "Baba nanihii, uza matunda kama watu wengine." Nikakubali. Kwa moyo wote. Vituko basi.

Jumapili, 10 Machi
Nimepumzika. Nikimenya viazi vya mchana nikakuta kimoja chenye sura ya mtu! Pua ipo. Macho yapo. Masikio tu hayajatokeza vizuri.
Kisu ninacho mkononi.